Kodi ya Samaki na Mfuko wa Ziwa: Historia ya Fedha za Hifadhi ya Samaki katika Mwambao wa Ituri

Utangulizi

Mji wa Bunia hauko ziwani. Umejengwa katika nyanda za juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, ilhali Ziwa Albert limelala chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kwenye kimo cha mita 620 hivi. Barabara inayouunganisha mji na ziwa hupita Bogoro, kisha huteremka kwa ukali hadi Kasenyi na Tchomia. Kwa muda unaokaribia karne moja samaki wamekuwa wakiipanda njia hiyo, wabichi, wa moshi na wa chumvi, wakienda kulisha mji, migodi na vijiji vya ndani. Pamoja na samaki hupanda pia fedha: kodi ya mtumbwi, leseni ya nyavu, ushuru wa soko, faini, na malipo mengine yasiyo na jina rasmi.

Makala haya yanakusudia kujibu swali moja ambalo ni jepesi kulitamka lakini gumu kulikwepa. Je, katika fedha zote hizo zilizopanda mlima, ni zipi zilizowahi kushuka tena ili kuyalinda maji yaliyozizaa? Kupungua kwa samaki katika maziwa yetu kumezoeleka kuelezwa kwa sababu mbili, yaani ujinga wa wavuvi na upungufu wa sheria. Historia ya Ituri haiyaungi mkono maelezo hayo. Sheria zilikuwapo tangu enzi ya ukoloni, na fedha zilitozwa katika kila utawala uliofika mwaloni. Hoja yetu ni kwamba kilichokosekana ni kiungo baina ya mambo hayo mawili: aliyetoza hakuwajibishwa kwa hali ya maji, na aliyeagizwa kuyalinda maji hakupewa sehemu ya kilichotozwa. Tutaifuata hoja hiyo kipindi baada ya kipindi, kisha tutavuka hadi ng'ambo ya Uganda kwa ulinganisho mfupi.

Ziwa na samaki wake

Wanyoro waliliita ziwa hili Mwitanzige, yaani muua nzige. Samuel Baker alipolifikia mwaka 1864 alilipa jina la Albert, mume wa Malkia Victoria wa Uingereza. Katika miaka ya 1970 serikali ya Zaire ililiita kwa jina la Rais Mobutu Sese Seko, na baada ya utawala wake kuanguka mwaka 1997 jina la Albert likarudi. Ziwa lina urefu wa kilometa 160 hivi na upana wa kilometa zaidi ya 30, na kina chake hakizidi mita 60. Mpaka wa Kongo na Uganda hupita katikati, kiasi kwamba sehemu isiyopungua sana nusu iko upande wa Kongo, katika teritwari za Irumu, Djugu na Mahagi.

Kwa kuwa ziwa hili ni sehemu ya mfumo wa Mto Nili, samaki wake ni ndugu wa samaki wa Sudani na Misri. Mkuu wao ni sangara, ambaye Wakongo humwita kapiteni; wapo pia ngege, ngasa mwenye meno makali, angara, kambare na kamongo. Yafaa ikumbukwe kwamba sangara wa Ziwa Victoria, anayejulikana leo katika masoko ya Mwanza, Kisumu na Ulaya, hakuwa mwenyeji wa ziwa hilo. Alipandikizwa huko katika miaka ya 1950, na sehemu kubwa ya mbegu yake ilitoka Ziwa Albert. Huko ugenini alichangia kuangamiza aina nyingi za samaki wadogo wasiopatikana pengine duniani. Nyumbani kwake, ambako aliishi na wenzake kwa maelfu ya miaka, yeye ndiye aliyeanza kupungua mbele ya nyavu.

Mabadiliko ya ziwa lenyewe ni makubwa. Samaki mpana wa jamii ya Citharinus, aliyekuwa miongoni mwa samaki wakuu wa biashara katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, amekuwa adimu. Tangu miaka ya 2000 nafasi ya samaki wakubwa imechukuliwa na samaki wadogo sana ambao wavuvi wa upande wa Uganda huwaita muziri na ragoge. Katika upande huo wamefikia kuwa zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaovuliwa. Kwa mama anayenunua fungu sokoni Bunia, tofauti hiyo huonekana katika chungu chake. Kwa mvuvi, ni tofauti kati ya usiku mmoja wa kazi uliokuwa ukilipa ada ya shule na usiku ambao hulipa mafuta ya taa tu.

Hongo, kodi na maana ya kutoza

Kabla ya kuingia katika historia ya utawala, hatuna budi kulitazama neno moja la Kiswahili. Katika karne ya 19 neno hongo lilikuwa na maana ya malipo ambayo msafara ulimpa mtemi au chifu ili upite katika nchi yake. Malipo hayo yalilalamikiwa sana na wasafiri, lakini yalikuwa na upande wa pili: aliyepokea hongo alitarajiwa kuuruhusu msafara kupata maji na soko, na kuhakikisha kwamba watu wake hawaushambulii. Kiswahili kilifika Ituri kwa misafara ya namna hiyo, pamoja na Waungwana waliotafuta pembe za ndovu katika msitu, na kikaenea zaidi kwa jeshi na migodi.

Leo hongo ni rushwa. Neno halikubadilika sauti. Lililobadilika ni wajibu uliokuwa ukiambatana nalo. Wajibu ulipotoweka, malipo yalibaki peke yake, na lugha ikayahukumu. Tunalitaja jambo hili kwa sababu kodi ya samaki katika mwambao wa Ituri imepita njia ileile. Mfano wa ng'ambo ya ziwa unasaidia: huko Kibiro, katika pwani ya Bunyoro, wanawake walichemsha chumvi kwa karne nyingi, na chumvi hiyo iliuzwa kotekote kandokando ya ziwa. Kila mama alikuwa na kiwanja chake cha udongo wa chumvi, akautunza udongo huo na kuurudishia uhai wake baada ya kila mavuno, kwa maana mavuno ya kesho yalikuwa yake. Huo ni uchumi ambamo anayevuna ndiye anayetunza. Tutaona jinsi uvuvi wa ziwani ulivyojengwa juu ya msingi tofauti.

Dhahabu na kitoweo, 1903–1960

Mwaka 1903 dhahabu iligunduliwa Kilo, kaskazini ya Bunia, na baadaye Moto. Migodi hiyo iliendeshwa kwanza na serikali, ikawa shirika la umma lenye hesabu zake mwaka 1919, na mwaka 1926 ikakabidhiwa kampuni ya Kilo-Moto. Vyombo vya migodi havikupitia mto Kongo peke yake. Vingi vilikuja kutoka Mombasa kwa reli, vikavuka Ziwa Victoria na Kyoga, vikashuka Butiaba, na kuvushwa kwa meli hadi Kasenyi na Mahagi-Port. Hivyo mwambao wa Ituri ukawa mlango wa Kongo upande wa mashariki.

Maelfu ya wafanyakazi wa migodi walihitaji chakula, na sheria ya kazi ilimtaka mwajiri awape posho. Samaki wa Ziwa Albert, waliokaushwa na kutiwa chumvi, wakawa sehemu ya posho hiyo. Hapo ndipo uvuvi wa kitoweo ulipogeuka kuwa uvuvi wa soko kubwa. Nyavu za dukani zilichukua nafasi ya mitego na migono, na wafanyabiashara wenye malori wakaingia kati ya mvuvi na mlaji. Si vigumu kuona kwamba faida ya ziwa ilipimwa mbali na ziwa, katika vitabu vya hesabu vya mgodi na vya duka.

Serikali ya Ubelgiji haikukosa sheria. Amri ya tarehe 21 Aprili 1937 juu ya uwindaji na uvuvi iliweka msingi wa leseni na makatazo, na iliendelea kutajwa na watawala kwa miongo mingi baada ya uhuru. Miaka minne kabla yake, amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ilikuwa imeziunda upya sheferi na sekta, yaani maeneo ya machifu, na kuzipa hazina zao. Hazina hizo zilijazwa na nyongeza ndogo juu ya kodi ya kichwa, ushuru wa masoko na faini za mabaraza. Matumizi yake yalikuwa mishahara ya chifu, waamuzi, makarani na polisi wake, pamoja na barabara na zahanati.

Tukiziweka amri hizi mbili pamoja, kasoro inaonekana wazi. Amri ya uvuvi ilitoka juu na ilisimamiwa na maofisa wa koloni. Hazina ya sheferi ilikusanya ushuru wa soko la samaki, lakini haikupewa kazi ya kulinda samaki. Chifu wa mwambao alinufaika kadiri samaki wengi walivyouzwa sokoni kwake. Hakuwa na sababu yoyote ya kihesabu ya kumzuia mvuvi mwenye wavu wa matundu madogo. Afisa wa serikali alikuwa na sababu ya kumzuia, lakini hakuwa na mtumbwi wala askari wa kutosha kwa pwani ndefu kama ile.

Utafiti pia haukukosekana. Mwaka 1928 mwanasayansi E. B. Worthington alilichunguza ziwa hili kwa niaba ya serikali ya Uganda, na kati ya 1952 na 1954 Wabelgiji walifanya uchunguzi mkubwa wa viumbe vya maziwa ya Kivu, Edward na Albert, ambao matokeo yake yalichapishwa Brussels kwa miaka mingi iliyofuata. Elimu hiyo ilikuwa ya thamani, lakini makao yake yalikuwa maktaba za Ulaya, nayo iliandikwa kwa lugha za Ulaya. Hakuna hazina ya sheferi iliyokuwa na fungu la kuifanya ifike mwaloni kwa lugha inayosemwa mwaloni.

Ulinganisho na Ziwa Edward unafaa hapa. Sehemu ya Kongo ya ziwa hilo iliingizwa katika Hifadhi ya Albert, iliyoanzishwa mwaka 1925 na ambayo leo huitwa Virunga. Uvuvi uliruhusiwa katika kambi tatu tu, yaani Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma, na idadi ya mitumbwi ikawekewa kikomo. Mpango huo ulikuwa na ukali wake, na wenyeji waliohamishwa hawakuusahau. Hata hivyo, ulikuwa na mlinzi anayejulikana na bajeti yake. Mwambao wa Ituri katika Ziwa Albert haukuwa hifadhi ya taifa, wala haukupewa kitu kingine badala yake.

Kutoka uhuru hadi miaka ya 1990

Uhuru wa mwaka 1960 ulifuatwa na maasi ya 1964, ambayo yalifika Ituri. Wakati huohuo maji ya maziwa yalipanda mno. Bandari ya Butiaba iliharibika na safari za meli za Ziwa Albert zikafa. Mlango wa mashariki ukafungwa nusu, na biashara ya samaki ikabaki mikononi mwa malori na mitumbwi.

Mwaka 1973 serikali ya Zaire ilitangaza kuhamishia mikononi mwa raia biashara nyingi za wageni. Wafanyabiashara Wagiriki na wengineo wa Bunia waliathirika. Wengi waliopewa mali hizo hawakuwa na mtaji wala uzoefu, na vifaa vya kuhifadhia samaki viliharibika bila kurekebishwa. Kisha, kwa amri ya tarehe 25 Februari 1982, serikali ilizipa sheferi na sekta, ambazo sasa ziliitwa kolektivite, hadhi ya kisheria na haki ya kuwa na bajeti zao. Kwa maandishi, hiyo ilikuwa hatua ya maana: eneo la mwambao lilitambuliwa kuwa mtu wa kisheria mwenye mfuko wake.

Kwa vitendo, mfuko huo ulipewa midomo mingi bila kupewa mikono. Mishahara ya watumishi wa umma ilipungua thamani mwaka hadi mwaka, na katika miaka ya 1990, pamoja na uporaji wa 1991 na 1993 na mfumuko mkubwa wa bei, karibu ilikoma kuwa na maana. Karani wa uvuvi asiyelipwa hana budi kuishi kwa leseni anazotoa. Wavu haramu ukawa kwake chanzo cha mapato: kuutaifisha ni kulipwa mara moja, kuuacha ni kulipwa kila wiki. Wananchi waliielewa hali hiyo vizuri kuliko wataalamu. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo serikali huitwa leta, neno la Kifaransa lililovaa kanzu ya Kibantu, na mtu wa leta alijulikana kuwa ni mtu anayekuja kuchukua. Hapo ndipo kodi ilipoanza kufuata njia ya hongo.

Vita na mwalo

Mwezi Juni 1999, wakati majeshi ya Uganda yakiikalia Ituri, Jenerali James Kazini alitangaza mkoa wa Kibali-Ituri na kumteua Adèle Lotsove Mugisa kuwa gavana. Mapigano ya Wahema na Walendu yaliyoanza mwaka huo yaliua makumi ya maelfu ya watu hadi 2003. Ziwa likawa njia ya silaha na ya wakimbizi kwa pamoja. Kila kundi lililoshika mwambao lilishika pia ushuru wa mitumbwi, wa samaki na wa bidhaa zilizovushwa kutoka Uganda, kwa kuwa mwalo ni mahali ambapo fedha taslimu hupatikana kila asubuhi.

Bogoro, kijiji cha katikati ya Bunia na Kasenyi, kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyomtia hatiani Germain Katanga mwaka 2014 kwa kushiriki katika uhalifu uliofanyika huko, ilieleza umuhimu wa kijiji hicho kijeshi: anayekishika anaishika barabara ya kwenda ziwani. Njia ya samaki ikawa njia ya damu. Mwaka 2022 Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa hasara za vita vile, na kati ya hizo milioni 60 zilihusu maliasili. Mjadala wa maliasili mbele ya mahakama hiyo ulitawaliwa na dhahabu, almasi, koltani, kahawa na mbao. Hasara ya ziwa haikuwa na hesabu ya kuletwa mbele ya majaji, kwa maana hesabu huwekwa na anayetunza, na ziwa halikuwa na mtunzaji.

Katiba, mkoa mpya na fedha za wafadhili

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliahidi mabadiliko makubwa. Kifungu cha 175 kinaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, zikatwe palepale zinapokusanywa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazipa sheferi, sekta, manispaa na miji asilimia 40 ya fungu hilo. Kwa hesabu hiyo, katika kila faranga 100, mkoa hupata 40, na katika hizo faranga 16 zinapaswa kufika kwenye mamlaka zilizo karibu na wananchi. Sheria nyingine, ya mwaka 2013 na iliyorekebishwa kwa nyingine ya 2018, zilipanga orodha ya kodi na ada zinazoruhusiwa kutozwa na mikoa na mamlaka hizo. Na mwaka 2015 Ituri, iliyokuwa wilaya ya Mkoa wa Mashariki, ikawa mkoa kamili, makao makuu yake yakiwa Bunia.

Sasa mkoa uliokuwa na ziwa ulikuwa na bunge lake, gavana wake na bajeti yake, si mbali na maji. Je, ahadi ilitimia? Makato ya palepale hayakutekelezwa kama yalivyoandikwa. Kinshasa iliendelea kukusanya kwanza na kurudisha baadaye, kwa viwango visivyotabirika. Mkoa usiojua utapokea nini mwezi ujao hulipa mishahara kwanza, na kulinda samaki hungoja. Mabaraza ya kuchaguliwa yaliyotajwa na sheria ya 2008 hayakuundwa katika sheferi na sekta; uchaguzi wa madiwani wa Desemba 2023 ulizihusu manispaa tu, tena si zote. Kwa hiyo mvuvi analipa ada kwa mamlaka ambayo hakuichagua na ambayo haina kikao cha kumsomea hesabu.

Pengo hilo lilijazwa na wafadhili. Chini ya mpango wa nchi za Bonde la Nili, na kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, Kongo na Uganda zilianza katika miaka ya 2000 mradi wa pamoja wa uvuvi wa maziwa Edward na Albert. Awamu ya pili iliidhinishwa mwaka 2015, safari hii na mchango wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, ikigusa utafiti wa samaki, mialo, doria na hifadhi ya ardhi ya bonde. Mwaka 2018 nchi hizi mbili zilitia saini mkataba wa kusimamia kwa pamoja uvuvi na maji ya maziwa hayo. Hatutaki kuidharau kazi hiyo. Hata hivyo, mradi una mwanzo na mwisho, ilhali samaki huzaa kila mwaka. Mafuta ya boti ya doria yaliyolipwa na mradi huisha siku mradi unapofungwa, na ada ya mtumbwi huendelea kutozwa kesho yake.

Ituri yenyewe inao mfano wa pili wa tabia hii. Hifadhi ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992 katika msitu wa magharibi na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996, imepata marafiki wengi wa ng'ambo. Okapi ni mnyama mzuri na anastahili. Lakini aina mbalimbali za samaki wa Ziwa Albert, ambao wanalisha watu wengi zaidi, hawana picha ya kutundikwa ukutani, na kwa sababu hiyo wanategemea zaidi mfuko wa nyumbani. Mfuko wa nyumbani nao umetoboka.

Mapigano yaliyorejea Djugu kuanzia Desemba 2017 yaliwafanya maelfu ya watu kulivuka ziwa kwa mitumbwi mapema mwaka 2018. Vizuizi vya makundi yenye silaha viliongezeka barabarani, na malipo yao yakapata jina la jetoni, kama kwamba ni ada halali yenye stakabadhi. Tarehe 6 Mei 2021 hali ya kuzingirwa iliyotangazwa na serikali ilianza kutumika katika Ituri na Kivu Kaskazini. Gavana wa kijeshi akashika madaraka, shughuli za bunge la mkoa zikasimamishwa, na hali hiyo ikaongezwa muda tena na tena. Hivyo hata chombo kile kimoja kilichoweza kuuliza bungeni Bunia ada za ziwa zimekwenda wapi kilinyamazishwa.

Ng'ambo ya pili

Msomaji anaweza kufikiri kwamba dawa ni kuushusha mfuko hadi kijijini, basi. Mfano wa Uganda unatuonya tusifanye haraka. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997 iliziwezesha wilaya kukusanya mapato ya mialo, na mara nyingi kazi hiyo ilipewa wazabuni. Mzabuni aliyekwisha kulipa wilaya hutaka samaki wengi wapite kabla muda wake haujaisha. Samaki wachanga ni mapato kama wengine. Mwaka 2003 kanuni zilianzisha kamati za mialo zilizochaguliwa na wavuvi, wenye mitumbwi, wachuuzi na wachakataji, zikiwa na haki ya kupata sehemu ya makusanyo. Hilo lilikuwa wazo bora kuliko yote yaliyojaribiwa katika ziwa hili. Lakini kamati nyingi hazikupewa fungu lao kwa wakati, baadhi zikaingiwa na ufisadi, na mwaka 2015 Rais Museveni alizisimamisha. Kuanzia 2017 jeshi lilipewa kazi ya kukomesha uvuvi haramu. Nyavu na mitumbwi vilichomwa moto. Samaki walionekana kuongezeka sehemu fulani, na malalamiko ya kupigwa na kufilisiwa yakaongezeka pia.

Funzo ni kwamba ukaribu peke yake hautoshi. Mfuko ulio karibu na ziwa lakini usio na wa kuuhesabia ni mfuko wa mzabuni, na ulinzi usiotokana na mfuko wa wenyewe hugeuka kuwa ulinzi wa bunduki. Wavuvi wa Kongo wanaokamatwa katikati ya ziwa, mahali ambapo mpaka hauonekani kwa macho, wanalijua hilo zaidi ya mwandishi yeyote.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika mwambao wa Ituri samaki ametozwa na kila aliyekuwa na nguvu: sheferi ya 1933, kolektivite ya 1982, makundi ya vita ya 1999 hadi 2003, mkoa wa 2015, na wenye vizuizi wa miaka ya karibuni. Tumeona pia kwamba fedha za kumlinda, zilipopatikana, zilitoka mahali pengine: kwa taasisi za Ubelgiji, kisha kwa benki na mifuko ya kimataifa. Mito hiyo miwili ya fedha haikuwahi kukutana, na samaki wakubwa walitoweka katika nafasi iliyobaki kati yake. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Hapa kila aliyebandua aliamini kwamba gogo ni la mwingine.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji mfadhili wala sheria mpya kubwa. Kwanza, sehemu inayojulikana ya kila ada ya mtumbwi na leseni ya nyavu itengwe kwa kazi ya ziwa, yaani doria, maeneo ya mazalia na hesabu ya samaki. Pili, makusanyo na matumizi ya kila mwezi yabandikwe mwaloni, kwa Kiswahili na kwa lugha za wavuvi, mahali ambapo aliyelipa anaweza kusoma au kusomewa. Tatu, anayeshika fungu hilo achaguliwe na wanaolipa, na aweze kuondolewa nao. Mambo haya ni madogo, na huenda katika hali ya vita yakaonekana kama ndoto. Lakini hata katika vita ada hutozwa kila asubuhi. Si haki kwamba utaratibu uwezekane katika kutoza tu.

Hongo ya zamani ilikuwa na wajibu wake, na wajibu huo ulipopotea neno likaharibika. Kodi ya samaki bado inaweza kuokolewa isifike huko. Siku mvuvi wa Tchomia atakapoweza kuuliza, bila hofu, faranga yake ya jana imelinda nini, na akajibiwa kwa hesabu, siku hiyo barabara ya Bogoro itakuwa imeteremsha kitu ziwani kwa mara ya kwanza.